Oili ya Giaboksi ya Otomatiki kwa Gari la Zamani: Kuichagua, Kuinunua na Kuibadilisha Ukiwa Mwanza

Ingia duka lolote la spea uombe oili ya gia ya otomatiki, utawekewa mezani chupa ya kitu chekundu. Uliza kama inafaa Mark II ya mwaka 1996, utaambiwa inafaa. Uliza kama inafaa Mustang ya mwaka 1968, jibu litakuwa lile lile. Lakini wekundu ni rangi iliyotiwa kiwandani ili ukiona tone chini ya gari ujue limetoka kwenye giaboksi, si kwenye injini. Hausemi lolote kuhusu kazi ya oili yenyewe. Giaboksi nyingi za zamani zimeuawa kwa chupa nyekundu iliyokuwa nzima kabisa, ila ilikuwa ya giaboksi nyingine.

Mwongozo huu ni wa mwenye gari la zamani la otomatiki lenye nguvu: Mark II, Chaser, Crown, Land Cruiser za miaka ya 1990, pamoja na yale machache ya Kimarekani ya miaka ya 1960 na 1970. Kanuni ni moja kwa yote, nayo tutairudia tena na tena: giaboksi ndiyo inayochagua oili. Muuzaji hachagui, na bei haichagui.

Msuguano ndio moyo wa jambo

Ndani ya giaboksi ya otomatiki oili inasukuma nguvu kwenye tokonveta (chombo cha duara kinachopokeza nguvu ya injini kwa giaboksi kwa njia ya oili), inabeba presha ya kubadilisha gia, inalainisha na inapoza. Kazi hizo oili nyingi zingeziweza. Ngumu ni ya tano: kusimamia msuguano wa klachi. Kila gia inashikwa na fungu la pleti, moja ya chuma tupu, inayofuata imebandikwa kitu kama karatasi ngumu, zote zikiogelea ndani ya oili. Gia inapoingia, presha huzibana pleti hizo. Zinateleza kwa sehemu ya sekunde, kisha zinashikana.

Watu wa mwaloni, pale boti zinapotia nanga ufukweni, wanalijua jambo hili kwa mikono yao. Boti likifika, kamba inazungushwa kwenye kigingi, halafu inaachiwa iteleze kidogo kidogo mpaka boti litulie. Ukiikaza ghafla, boti linashtuka na kamba inaweza kukatika. Ukiiachia mno, inaunguza viganja na kigingi kinapata moto. Oili ya giaboksi ina viungo vinavyoamua kamba hiyo iteleze kiasi gani. Giaboksi iliyoundwa kwa oili ya kushika haraka ina idadi ya pleti na presha zinazolingana na hilo. Ukiipa oili ya kuteleza, kila gia itachukua muda zaidi kushika, karatasi itaungua polepole, na baada ya miezi utaambiwa giaboksi imekufa kwa uzee.

Majina yaliyoandikwa kwenye chupa

General Motors ndio walioanza kuweka kanuni, kwa oili iliyoitwa Type A, mwaka 1949. Mwaka 1967 wakaleta Dexron. Wakati huo sehemu ya kiungo cha kulainisha msuguano ilikuwa mafuta ya nyangumi. Marekani ilipomweka nyangumi huyo kwenye orodha ya wanyama walio hatarini mwaka 1970, watengenezaji walilazimika kutafuta kitu kingine, na Dexron-II ikatoka mwaka 1973. Dexron-III ilifuata mwaka 1993, na Dexron-VI mwaka 2005.

Hapa pana jambo la kukushika mkono dukani. General Motors waliacha kutoa leseni za Dexron-III mwishoni mwa mwaka 2006. Kwa hiyo chupa yoyote mpya iliyoandikwa Dexron III haina leseni yao. Unachonunua ni neno la kampuni iliyotengeneza oili hiyo. Nyingi ni nzuri, lakini jina la kampuni hapo lina uzito kuliko neno Dexron.

Ford walikwenda njia tofauti. Oili yao ya Type F haikuwa na kile kiungo cha kulainisha msuguano, hivyo klachi zinashika kwa nguvu mwishoni. Type F na Dexron zote ni nyekundu, uzito wake unakaribiana, na tabia zake zimepingana.

Toyota walitumia D-II, ambayo ni Dexron-II, kwa miaka mingi. Kisha wakaanza oili zao wenyewe: Type T, T-II, T-III, halafu T-IV, ambayo kwenye chupa za kampuni nyingine huandikwa JWS 3309. Baadaye ikaja WS, yaani JWS 3324. T-IV na Dexron-III zina uzito unaokaribiana zikiwa moto. Tofauti yake iko kwenye msuguano: giaboksi za T-IV huiacha klachi ya tokonveta iteleze kidogo kwa makusudi, na oili isiyoandaliwa kwa hilo huleta mtetemo kama gari linapita juu ya matuta madogo madogo. WS ni nyepesi zaidi. Usiitie kwenye giaboksi ya D-II wala T-IV kwa hoja kwamba ni mpya hivyo ni bora. Pampu na sili za giaboksi ya zamani, zikiwa zimelika kidogo, hushindwa kushika presha kwa oili nyepesi, hasa ikipata joto.

Itambue giaboksi kabla ya kutoa pesa

Anza na dipstiki. Kwenye Toyota nyingi za zamani jina la oili limegongwa kwenye bati la dipstiki yenyewe: D-II, DEXRON II, T-IV. Ifute vizuri, isugue kwa kidole, isome juani. Herufi ni ndogo na mara nyingi zimefunikwa na oili ya miaka.

Halafu tafuta kibati cha gari ndani ya boneti, mara nyingi kwenye ukuta unaotenganisha injini na sehemu ya abiria. Kuna mstari umeandikwa TRANS/AXLE. Neno la kwanza ndilo giaboksi: A42DE, A340E, A442F na kadhalika. Andika msimbo huo kwenye simu. Utakufaa pia siku ya kutafuta gasketi na chujio, kwa sababu Mark II mbili zinazofanana kwa nje zinaweza kubeba giaboksi tofauti.

Kama dipstiki imebadilishwa, au giaboksi nzima ilitolewa gari lingine, msimbo wa kibati haukusaidii tena. Hilo ni la kawaida sana kwa magari yaliyokaa nchini miaka mingi. Hapo lala chini ya gari utafute kibati au namba kwenye giaboksi yenyewe.

Kwa makadirio tu: Toyota za miaka ya 1980 hadi katikati ya miaka ya 1990 nyingi ni D-II, za mwishoni mwa 1990 hadi miaka michache baada ya 2000 nyingi ni T-IV, na za baadaye ni WS, tena nyingi hazina dipstiki kabisa. Makadirio haya yakipingana na dipstiki ya kiwandani, fuata dipstiki.

Giaboksi ya D-II itumie nini leo, maana Dexron-II halisi ni nadra? Dexron-III ya kampuni inayoaminika inafaa bila wasiwasi. Dexron-VI inaruhusiwa na General Motors kuchukua nafasi ya Dexron-II na III, lakini ni nyepesi tangu mwanzo. Kwa giaboksi iliyokwisha tembea kilomita laki tatu na ambayo sili zake hazijaguswa, sisi tunachagua Dexron-III. Giaboksi ya T-IV itumie T-IV, au oili nyingine inayotaja JWS 3309 waziwazi. Usitie Dexron-III kwenye T-IV kwa sababu ni rahisi kupatikana. Itatembea, ndiyo, kisha mtetemo utaanza.

Oili namba 90 na oili ya injini hazina nafasi humu hata kwa dharura ya kufika nyumbani. Oili ya CVT (otomatiki inayotumia mkanda badala ya gia za hatua) nayo isichanganywe na giaboksi ya gia za kawaida, wala kinyume chake.

Mwanza inataka nini hasa

Hapa hakuna baridi. Chupa inayojisifu kwa nyuzi 40 chini ya sifuri inakuuzia kitu usichokihitaji. Adui wetu ni joto na maji.

Joto linatoka kwenye vilima na foleni. Kupanda Isamilo ukiwa na abiria wanne, kusimama na kuondoka Buzuruga jioni, au kuvuta boti lililolowa kutoka kwenye mchanga wa Igombe: katika hali zote hizo tokonveta inateleza sana, na kuteleza ni joto. Kanuni ya kukadiria ni kwamba kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazoongezeka juu ya joto la kawaida la kazi hupunguza umri wa oili karibu nusu. Kwa gari la safari za kawaida, kilomita 40,000 kati ya badiliko moja na jingine ni sawa. Kwa gari linalovuta au linalopanda milima kila siku, 20,000 hadi 25,000. Hapa ndipo oili ya sintetiki inalipa gharama yake, kwa kuwa inavumilia joto muda mrefu zaidi kabla ya kuchoka.

Maji yanaingia kwa njia mbili. Ya kwanza ni rejeta. Oili ya giaboksi inapozwa na bomba lililo ndani ya rejeta, likizungukwa na maji ya injini. Watu wengi hujaza rejeta maji ya bomba au ya ziwa miaka nenda rudi, bila kulanti, yaani dawa ya rejeta inayozuia kutu. Kutu inatoboa bomba hilo, na maji yanaingia kwenye giaboksi. Oili inageuka kuwa pinki nzito, kama uji wa ulezi uliotiwa maziwa. Gari likifikia hapo lisiwashwe tena. Gundi inayobandika karatasi kwenye pleti inaachia kwa maji, na kila dakika ya kuendesha ni hasara. Rejeta inabadilishwa kwanza, ndipo giaboksi isafishwe.

Njia ya pili ni mwalo. Gari limevuta boti, giaboksi ina moto, dereva anarudi nyuma mpaka maji yanafika kwenye ekseli. Hewa iliyo ndani inapoa ghafla, inajikunja, na inavuta maji kupitia tundu la kupumulia au sili iliyochoka. Acha gari lipoe nusu saa kabla ya kuingia majini. Ni vizuri pia kuunganisha mpira kwenye tundu la kupumulia na kuupandisha hadi juu ya injini. Vivyo hivyo kwa aliyepita kwenye maji ya Mirongo yaliyofurika: akague oili siku hiyo hiyo.

Isome oili iliyomo

Dondosha matone mawili ya oili ya moto kwenye tishu nyeupe, subiri dakika kumi. Oili nzima huenea na kuacha duara pana la wekundu au hudhurungi nyepesi. Iliyochoka hubaki katikati kama doa jeusi lenye ukingo mwembamba. Inuse. Harufu ya kuungua, kali, kama mkate uliosahaulika jikoni, maana yake ni karatasi ya klachi iliyoungua, na hapo oili mpya haitarudisha kilichokwisha liwa.

Kuna hofu kwamba oili mpya huua giaboksi ya zamani. Hofu hii ina chanzo, ila imeeleweka vibaya. Giaboksi ambayo klachi zake zimekwisha huendelea kushika kidogo kwa msaada wa unga wa klachi ulioelea ndani ya oili chafu. Ukimwaga unga huo wote kwa mara moja, kuteleza kulikofichika kunaonekana. Oili mpya haikuiua, iliikuta mahututi. Kwa hiyo kama gia bado zinaingia vizuri, badilisha. Kama gia inateleza, yaani injini inapiga resi na gari haliongezi mwendo, usitumie pesa kwa oili ya bei, peleka kwa fundi wa giaboksi. Na kwa gari lenye historia usiyoijua, badilisha kidogo kidogo, kwa hesabu inayofuata.

Giaboksi ya lita 7 inayotoa lita 2 tu kupitia bolti ya chini itabaki na mpya asilimia 29 baada ya mara ya kwanza, 49 baada ya pili, 64 baada ya tatu. Ikitoa lita 3, ni 43, 67, kisha 81. Acha kilomita 500 hadi 1,000 katikati ya kila mara. Mara tatu zinatosha.

Dukani

Nunua lita mbili zaidi ya hesabu, zote za jina moja na toleo moja. Angalia muhuri chini ya kifuniko, si kifuniko peke yake. Namba ya toleo iliyopigwa kwenye chupa isomeke na isifutike kwa kidole kikavu. Chupa yenye mikwaruzo ya zamani na lebo mpya iache. Oili ya kupima kutoka pipani iache pia, hata kama muuzaji ni mtu mwema: hakuna anayejua pipa hilo limepita wapi.

Soma nyuma ya chupa. Tafuta jina kamili la giaboksi yako au kanuni yake: Dexron III, JWS 3309. Oili ya magari mengi inafaa ikitaja kanuni yako, lakini ile inayodai kufaa kila otomatiki duniani pamoja na CVT tunakushauri uipite. Msuguano wa aina mbili zinazopingana hauwezi kutimizwa na kimiminika kimoja.

Magari ya Kimarekani

Haya hayana kibati kinachosaidia sana, na mengi yameshabadilishwa giaboksi. Hesabu bolti za trei ya chini. Ford C4 ina 11, C6 ina 17. Turbo 350 na Turbo 400 za General Motors zote zina 13, ila ya 350 ni karibu mraba wenye kona moja iliyokatwa, na ya 400 ina umbo lisilo na mpangilio. Powerglide ya General Motors ina 14 na TorqueFlite 727 ya Chrysler ina 14 pia. Hizi mbili zitofautishe kwa gari ilimo.

Za General Motors na Chrysler za wakati huo zipe Dexron-III. C4 na C6 za miaka ya 1960 hadi katikati ya 1970 zilitoka kiwandani zikitaka Type F. Usitegemee kuipata Mwanza siku hiyo hiyo, iagize mapema. Lakini kama giaboksi imefumuliwa na kuwekwa pleti mpya, huenda pleti hizo ni za aina inayokubali Dexron. Muulize aliyeifumua ametumia pleti gani, kisha mfuate. Wapo wanaotia Type F kwenye Turbo 350 ili gia ziingie kwa kishindo kama gari la mashindano. Giaboksi inavumilia, ila kwa gari la mtaani inachosha shafti na abiria bure.

Kwa haya trei nyingi hazina bolti ya kumwagia. Legeza bolti za nyuma zaidi, ziache za mbele zishike, trei ishuke kwa nyuma imwage taratibu. Tarajia lita 3.5 hadi 5, zilizobaki zimo kwenye tokonveta.

Kubadilisha, kwa Toyota yenye dipstiki

Endesha dakika kumi ili oili iwe ya uvuguvugu na uchafu uelee. Isiwe ya moto kabisa, maana inaunguza. Paki mahali tambarare, kaza handibreki, inua kwa jeki kisha uweke stendi. Kamwe usiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki tu, na katika viwanja vyetu vya mawe na mchanga weka ubao mnene chini ya kila stendi.

Bolti ya kumwagia kwa zinazosukuma magurudumu ya nyuma mara nyingi ni spana 14. Kwa zinazovuta mbele, nyingi zinataka spana ya L namba 10. Hakikisha unafungua ya giaboksi. Kosa la kufungua ya injini hutokea, na mtu akishajaza giaboksi bila kuimwaga, amejaza mara mbili.

Kinga kwenye dumu lililokatwa, kisha upime kilichotoka kwa chupa zenye alama za lita. Kipimo hiki ndicho utakachorudisha, na kina thamani kuliko namba yoyote ya kitabu. A340E hutoa karibu lita 2, Corolla nyingi za gia nne karibu lita 3.

Ukishusha trei utaona sumaku ndogo za duara. Tope la kijivu laini kama unga wa penseli ni la kawaida. Vipande vinavyokwaruza kidole si vya kawaida. Vipande vya rangi ya shaba ni bushi zinazolika. Chujio la Toyota nyingi za umri huu ni la wavu wa chuma: lioshe kwa mafuta ya taa, likauke kabisa. La kitambaa halioshwi, linabadilishwa. Futa trei kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kwa kuwa uzi mmoja unatosha kukwamisha valvu.

Weka gasketi mpya ikiwa kavu. Silikoni ya kupaka kwa wingi ni ugonjwa wa gereji nyingi: kinachofinywa ndani hukatika na kwenda kukaa kwenye chujio. Bolti za trei zinahitaji Nm 7 tu, nguvu ya vidole vitatu kwenye raketi fupi. Kaza kwa msalaba, mizunguko miwili. Ukizidisha, bati linapinda katikati ya bolti na kuvuja kunaanza hapo hapo. Bolti ya kumwagia ina washa mpya na karibu Nm 20 kwa A340E.

Jaza kupitia bomba la dipstiki kwa faneli yenye mpira mrefu na mwembamba, safi. Rudisha nusu lita pungufu ya kilichotoka, kisha uende kupima.

Oili chafu ifunge kwenye dumu umpe anayekusanya oili chakavu. Maji ya bomba tunayokunywa Mwanza yanatoka ziwani, na mfereji wa mtaani unaishia ziwani humo humo.

Kupima: hapa ndipo wengi wanakosea

Kipimo cha COLD ni cha kuanzia tu. Kipimo halali ni HOT, oili ikiwa nyuzi 70 hadi 80, yaani baada ya kilomita 15 hadi 20 za kuendesha, mfano kutoka mjini hadi Kisesa. Rudi mahali tambarare. Injini iwe inaunguruma kwenye silensa, yaani bila kukanyaga mafuta, mguu kwenye breki. Pitisha gia zote taratibu kutoka P hadi L na kurudi P, kila moja sekunde mbili tatu. Injini ikiwa bado inaunguruma, chomoa dipstiki, futa, ingiza mpaka mwisho, chomoa tena. Soma pande zote mbili na uamini upande ulio chini, kwa sababu bomba lililolowa hudanganya upande wa pili.

Kuna magari yenye kanuni yake. Honda hupimwa mara tu baada ya injini kuzimwa. TorqueFlite za kabla ya mwaka 1978 hupimwa kwenye N, kwa kuwa zikiwa P pampu haijazi tokonveta na dipstiki itaonyesha nyingi kuliko zilizomo.

Ongeza robo lita kwa robo lita. Ikizidi, sehemu zinazozunguka zinaipiga povu, povu halishiki presha, gia zinateleza, na nyingine inatoka kwenye tundu la kupumulia na kudondokea egzosi ya moto. Ikipungua, pampu inavuta hewa gari likiinama. Utaona gari linasita kwenye mlima tu, na kwenye barabara tambarare liko sawa.

Siku za kwanza baada ya hapo

Kagua chini ya gari asubuhi inayofuata, kisha pima tena baada ya kilomita 100. Gia ikichelewa kuingia R asubuhi tu, kwanza shuku kiasi, pima kabla ya kufikiri jingine. Mtetemo kati ya kilomita 50 na 80 kwa saa ukikanyaga mafuta kidogo, unaopotea ukikanyaga zaidi au ukigusa breki kwa mguu wa kushoto, ni klachi ya tokonveta: oili ya msuguano usiofaa, au unga wa zamani. Kwa giaboksi ya T-IV iliyokuwa na Dexron, mabadiliko mawili ya T-IV sahihi mara nyingi hulimaliza. Gia ikigonga kwa nguvu ghafla na taa ya O/D OFF inapepesa yenyewe, usiilaumu oili. Angalia kwanza plagi ya nyaya kwenye ubavu wa giaboksi, ambayo huachia kwa urahisi wakati wa kushusha trei.

Lita iliyobaki ya Dexron usiitupe: pawa steringi ya Toyota nyingi za umri huu inatumia hiyo hiyo. Funga kifuniko kwa nguvu, kisha andika kwa kalamu ya wino usiofutika jina la oili, tarehe na kilomita, na ubandike karatasi hiyo ndani ya boneti karibu na dipstiki. Fundi atakayefuata atasoma hapo kabla ya kwenda dukani.